Upande wa Pili wa Kaseti

Jambo lote lilinigharimu safari mbili za Nairobi, pikipiki, jembe jipya, kreti mbili za Fanta, na karibu miaka miwili ya kwanza ya binti yangu, ambayo hakuna duka linaloiuza. Nimehesabu mara mbili. Safari ya kwanza sikuwa na njia ya kuikwepa. Mengine mengi niliyanunua mwenyewe kwa ubahili wangu, tena bila kupunguziwa bei.

Nilikuwa nauza vitenge Rwezamenyo, mtaa wa Kigali, chumba kimoja kinachotazama barabara. Mke wangu alikuwa muuguzi. Tulioana mwanzoni mwa mwaka wa tisini, na baada ya muda mfupi akapata kazi Amerika, akaondoka na mimba ambayo sisi wote wawili hatukuijua siku ile tulipoagana uwanja wa ndege. Huko kazi ikampatia kadi ya kijani, ile ya ukaazi, naye akaniombea mimi kama mume. Binti akazaliwa huko huko. Mimi nikawa baba wa posta: naingia kwenye kibanda cha simu, naita "Alo? Alo?", upande wa pili mtoto anapumua, na mashine ya posta inakula sarafu.

Watu hudhani kungoja kadi ya kijani ni kukaa tu. Ni kukimbizana na makaratasi yanayooza kama nyanya. Cheti cha kuzaliwa kilitoka komini, ofisi ya serikali ya kwetu. Cheti cha tabia njema kilitoka mjini. Picha ya kifua ilitoka hospitali. Kila kimoja kilikuwa na siku yake ya kufa, na nilipopata cha tatu, cha kwanza kilikuwa marehemu. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini, na kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine ulitakiwa uwe na ruhusa ya komini. Ruhusa nayo ilikufa upesi kuliko vyote. Nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda kuomba karatasi ya kuombea karatasi.

Biashara nayo ilikiona cha moto. Zamani nilikwenda mwenyewe Bujumbura kuchagua vitambaa. Sasa niliogopa kutoka mjini, barua ya ubalozi isije ikafika nikiwa sipo. Nikawa nawaagiza madereva. Dereva mmoja aliniletea robota zima la kitenge chenye picha za pasi za umeme. Kina mama wa Rwezamenyo walikitazama, wakanitazama, wakanipa pole.

Barua ikaja hatimaye. Niende Nairobi kwa usaili, na nilete ushahidi kwamba ndoa ni ya kweli, kwa kuwa mume na mke tulikuwa tumekaa pamoja muda mfupi mno. Cheti cha ndoa nilikuwa nacho. Picha za harusi zilikuwa tatu, na katika zote tatu natazama pembeni, mbali na bibi harusi. Nilikuwa nahesabu wageni ambao hawakualikwa.

Ndipo nikakumbuka kaseti tuliyorekodi siku ya posa.

Kwetu, siku ya kuomba binti, familia yake huweka msemaji, na kazi ya msemaji ni kukataa. Anakataa kwa maneno matamu, wageni wanabembeleza, watu wanacheka, na mwishoni kabisa anakubali. Msemaji wa upande wa mke wangu alikuwa baba yake mdogo, fundi wa magari Gikondo, mtu anayekodiwa hadi mitaa ya mbali kwa ufundi wake wa kukataa. Siku yetu alikataa mpaka chai ikapoa. Kwanza akasema binti huyo hawamjui. Kisha wanamjua, lakini ni mgonjwa. Kisha amepona, lakini ameshaposwa na mwenye lori wa Bukavu, na mahari ya mwenye lori imeshaliwa. Hapo hata sheikh aliyealikwa alishika mbavu. Yote hayo yalikuwa upande wa kwanza wa kaseti.

Upande wa pili ndipo alipomtoa binti. Upande huo niliufuta. Nilirekodia mechi ya redio juu yake. Mke nilikuwa nimeshampata, mechi ilikuwa bado.

Nikampelekea kaseti Mwalimu, mstaafu aliyesoma Uganda ujanani, mtafsiri wa Kiingereza aliyekula kiapo. Alilipwa kwa ukurasa, na kila ukurasa nilimpunguza bei mpaka akaomba maji ya kunywa. Alipomaliza kusikiliza akavua miwani.

"Ndugu yangu, kaseti inaishia bibi harusi hajatolewa."

"Mwalimu, unalipwa kutafsiri, si kuozesha."

"Niongeze ukurasa mmoja, nieleze desturi?"

"Ukurasa huo nao unalipiwa?"

"Kila ukurasa unalipiwa."

"Basi acha. Wazungu wamesoma, wataelewa."

Barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa kwa vita, hivyo nikazunguka kwa Rusumo, nikaikata Tanzania, nikavuka ziwa, nikafika Nairobi na vumbi la nchi tatu masikioni. Afisa wa ubalozi alikuwa mama wa Kimarekani mwenye Kiswahili cha darasani, sanifu kuliko changu. Aligeuza kurasa za Mwalimu polepole. Nilijiona mjanja.

"Bwana," akasema, "mwenye lori ni nani?"

"Lori gani, mama?"

"La Bukavu. Imeandikwa hapa kwamba mkeo ameposwa naye, na mahari imelipwa."

"Hayupo, mama. Ni maneno ya posa."

"Mtafsiri wako ameapa kwamba tafsiri hii ni ya kweli."

"Tafsiri ni ya kweli. Maneno ndiyo ya uongo."

Akanitazama kama wanavyotazama kitenge cha pasi. "Na mwisho wake uko wapi?"

"Upande wa pili wa kaseti."

"Upande wa pili una nini?"

"Una mpira."

Hakucheka. Akaandika kwa muda mrefu, kisha akanipa karatasi: nilete tamko la kiapo la yule aliyesema maneno hayo. Faili litabaki wazi mpaka picha yangu ya kifua itakapokwisha muda. Baada ya hapo tunaanza upya, na kuanza upya kulimaanisha binti yangu ajue kusoma kabla hajaniona.

Niliporudi Kigali niliuza pikipiki kwa ajili ya safari ya pili, nikaenda posta kumpigia mke wangu.

"Kwa hiyo nina mume Bukavu," akasema.

"Ni karatasi tu, mama watoto."

"Ana lori kweli? Maana wewe una pikipiki."

"Nimeiuza."

Nikaongeza sarafu kwenye mashine. Kisha akasema, taratibu, "Mtoto anadhani jina lako ni Alo."

Asubuhi yake nilikuwa Gikondo. Baba mdogo alitoka chini ya gari, mikono yote grisi, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa weye unataka mimi niandike kama nilikuwa muongo?"

"Baba, andika tu kwamba ulitania."

"Sikutania. Nilikataa. Mwenye kukataa posa hadanganyi, iko anafanya kazi yake. Watu wa kunikodi wakisikia nimeapa kwa Wazungu kama kazi yangu ni uongo, nani ataniita tena?"

"Baba, nina mtoto hajawahi kuniona."

Akajifuta mikono kwa tambara, mkono mmoja, kisha wa pili. "Ukitaka neno langu, njoo upose. Njia unaijua. Na umlete na huyo Mwalimu wako aandike."

Nikarudi na jembe jipya, kama desturi inavyotaka, na kreti mbili za Fanta. Mkwe hajisemei, huwa anasemewa, lakini msemaji ana bei yake, kwa hiyo nikajisemea. Mafundi wakageuza matairi kuwa viti. Mwalimu akaketi juu ya injini na karatasi zake magotini. Safari hii kila ukurasa nilikuwa nimeulipia kabla.

"Baba," nikaanza, "nimekuja kuomba binti yenu, yule muuguzi."

"Huyo hatuwezi kukupa."

Nilihisi picha yangu ya kifua ikikwisha muda pale pale. Mwalimu akainua kalamu, akanitazama.

"Kwa nini, Baba?"

"Ana mume." Akaipokea Fanta, akanywa, akajiweka sawa kama msemaji wa siku ile. "Nilimtoa mimi mwenyewe, mbele ya watu, na sheikh alikuwapo. Mwenye lori sijawahi kumwona, nilimzaa kwa mdomo wangu ili mkwe asikie uchungu, na mkwe hakusikia, alikuwa anahesabu wageni. Huyo ndiye mume wake: mchuuzi wa vitenge Rwezamenyo, bahili, amefuta harusi yake kwa mpira. Wana mtoto. Mimi sivunji nyumba ya watu kwa kreti mbili za Fanta. Beba jembe lako."

Mafundi walilala juu ya matairi kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimeinama, kwa sababu nyingine.

"Umeandika, Mwalimu?"

"Nimeandika. Mpaka jembe."

Baba mdogo akatia sahihi, na kidole chake kikaacha alama ya grisi chini ya jina. Jembe hakunirudishia.

Nairobi, afisa alikuwa yule yule. Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amekunja uso. Alipofika kwenye kreti za Fanta akafunika mdomo kwa faili. Kisha akachukua muhuri.

"Swali moja la mwisho, Bwana. Nani alishinda?"

"Sare, mama. Bila kwa bila."

Nilitua Amerika mwishoni mwa mwaka wa tisini na mbili. Uwanjani mtoto alijificha nyuma ya sketi ya mama yake. Sikujua la kusema, nikasema nililozoea: "Alo?" Akatoa kichwa.

Kaseti nilikuja nayo. Sauti nyingi zilizo ndani yake sasa zimebaki humo tu, ya Baba mdogo na ya sheikh pia. Naisikiliza upande wa kwanza, na nikifika kwa mwenye lori nairudisha nyuma. Upande wa pili siugusi.

Na sasa yule mtoto anaposwa. Kijana ni wa kwetu, mpole, hapunguzi bei hata sokoni, na yeye mwenyewe bado anangoja kadi ya kijani. Wataleta kamera ya video, na wakili wake amesema video itaingia kwenye faili kama ushahidi wa ndoa. Mimi ndiye baba, mimi ndiye wa kuchagua msemaji. Nikimwambia aseme ukweli tangu mwanzo, posa itakwisha kabla soda haijafunguliwa, na Baba mdogo hatanisamehe huko aliko. Nikimwacha akatae kama inavyotakiwa, kijana anaweza kuzeeka kwenye foleni. Nyinyi mliokwisha kuozesha huku ugenini, mlifanyaje? Niandikieni. Na anayejua fundi wa kukataa aniambie bei yake, ila asimwambie kwamba ni mimi ninayeuliza.