Mlango wa Ghala la Mikiita

Mikiita alikuwa mtu wa majigambo tangu ujana, na kwa kuwa hakuwa na ng'ombe wengi wala sauti ya kuimba, alijigamba kwa ghala lake. Babu yake ndiye aliyelichimba chini ya ua wa nyumba, katika ardhi iliyoganda barafu isiyoyeyuka mwaka mzima, na nyama ya humo ilikaa ngumu hadi theluji nyingine ianguke. Yeye alilirithi tu, lakini ukimsikia ungedhani baridi ameiumba mwenyewe.

Kiangazi hicho joto lilikuja si la kawaida. Misitu iliwaka ng'ambo ya mto, moshi ukaficha jua, na ng'ombe wakashinda wamesimama ziwani. Maghala ya kijiji yakaanza kutoa jasho. Aanys, mke wa Mikiita, alikuwa na hofu moja: nyama ya mtoto wa farasi waliyemchinja theluji ilipoanza, ambayo iliwekwa kwa ajili ya harusi ya binti yao Tuyaara. Wakwe wasipoandaliwa nyama hiyo, binti ataingia kwao kichwa chini kwa aibu.

"Baba Tuyaara, mlango usiguswe mpaka wakwe wafike."

"Unanitisha kwa jua? Hili ni ghala la babu yangu."

Basi kila aliyekuja kulalamika kwamba ghala lake linavuja, Mikiita alimshika mkono akamteremsha ngazi. "Gusa ukuta. Gusa, usione haya." Wakagusa, wakakaa wakavuta sigara kwa raha, mlango uko wazi juu yao na joto linateremka bila kubisha hodi. Mpumbavu hahitaji adui.

Jirani yao Daarya, mjane, alikuwa ameuziba mlango wake kwa nyasi kavu na ngozi ya farasi. Mikiita alimcheka.

"Shemeji, umemzika nani humo?"

"Njaa," Daarya alisema, akaendelea kushindilia nyasi.

Siku wakwe walipotarajiwa, Aanys aliteremka na ndoo, miguu ikazama majini. Nyama ilikuwa laini, imegeuka kijani. Alilia, na alilia kwa hasira.

"Joto la mwaka huu si la kawaida," Mikiita alisema. "Hata redioni wamesema."

"Na mdomo wako si wa kawaida. Chukua ndoo, nenda ukaombe nyama kwa Daarya."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aje aguse ukuta."

Akaenda, akipita mbele ya wale wale aliowateremsha ngazi, nao wakamtazama kwa starehe. Daarya alimsikiliza, kisha akamtaka arudie, maana eti hakusikia vizuri. Halafu akaondoa nyasi kidogo, akajipenyeza, akafunga nyuma yake. Alipotoka, alikuwa amebeba paja zima la nyama lililoota barafu. Mikiita akasogea mlangoni kulipokea, apate walau kuchungulia ndani.

"Rudi nyuma, shemeji," Daarya alisema. "Nyama nampa Tuyaara. Wewe kaa mbali na mlango wangu."