Alichokiita Utani

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja niliyokwenda gerezani kumwona Elia, mtoto wa marehemu kaka yangu. Nilimlea mwenyewe kule Sikonge, kwa hiyo usidhani nasimulia habari za mtu baki. Alifungwa kwa kumlaghai mwanafunzi, binti wa Mzaramo mmoja aliyehamia Kitete. Kwenye simu alijifanya kijana wa rika lake, akambembeleza mpaka akapata picha za aibu, kisha akamtishia kuzisambaza. Hata kutamka naona uchungu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umeamkaje?"

Hakuuliza habari za yule binti. Alianza kujitetea. Hakumgusa, alisema, ilikuwa simu tu. Wanaume wangapi wanafanya hivyo na hawakamatwi? Binti mwenyewe alikuwa anajibu. Tena siku zile alikuwa mlevi. Lawama aliigawia simu, pombe na mtoto wa watu. Yeye hakujibakizia hata chembe.

Kisha akasogea. "Shangazi, wale si watani wetu? Nenda kwa baba yake, mwambie ulikuwa utani. Akikubali, rufaa yangu itapata nguvu. Wewe wanakuheshimu."

Hapo nilipandwa na hasira, sikufichi. Utani wa kabila letu na Wazaramo, ule wa kutaniana hata msibani, ulianza babu zetu walipobeba mizigo kwa miguu hadi pwani. Nilipokuwa msichana, kwenye mazishi ya babu, mtani mmoja alijilaza kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Bibi, machozi yangali mashavuni, alimporomoshea maneno mpaka waombolezaji wakacheka. Baadaye akaniambia, "Umeona? Kanitania mbele ya watu, nami nimemjibu. Anayemvizia mtu peke yake hatanii, anaonea."

Nikamwuliza Elia, "Maneno yale ungeyasema baba yake akiwa amekaa hapo?"

Akaanza tena habari za pombe. Nikamkatiza.

"Yule mtoto kaacha shule. Simu ikilia, anatetemeka. Unataka nikamwambie acheke?"

Alilia. Nami nililia, maana nampenda, na sijaacha kumpenda. Lakini ombi lake sikulipeleka. Nilikwenda Kitete kwa shughuli nyingine: nilikaa na yule binti na mama yake, nikamwambia, "Mjukuu wangu, wewe huna kosa. Kosa ni la mwanangu." Binti aliinuka, akaenda kunichotea maji ya kunywa.

Mwanangu, siku utakapomkosea mtu, usianze kupima udogo wa kosa lako; anza kwa kumtazama uliyemuumiza. Kama wewe ndiye uliyeumizwa, mwambie mtu mzima unayemwamini, wala usione haya. Na ukiombwa na ndugu yako umfunikie jambo kama hili, mpelekee sabuni gerezani, mwombee, lakini ukatae. Mungu akulinde, akupe moyo safi hata ukiwa peke yako na simu yako, na mtoto wa mwenzio awe salama mikononi mwako.