Oili Niliyompelekea Dada

Katikati ya miaka ya tisini nilikuwa fundi wa magari katika mradi mmoja wa kuchimba visima, pale Ifakara. Mradi ulikuwa na pikapu mbili za dizeli zilizofika siku moja, rangi moja, injini za aina moja, zote mpya. Kilichozitofautisha ni namba za usajili tu. Nilizijua kuliko nilivyowajua majirani zangu.

Mkuu wa mradi alikuwa mhandisi mgeni, mzee wa nywele nyeupe, Kiswahili chake cha polepole lakini sahihi. Mwaka mmoja alirudi kutoka likizo, na shehena yake ya vipuri ilipofika, ndani yake kulikuwa na magaloni ya oili ambayo sikuwahi kuiona. Akanifungulia moja.

"Hii inaitwa sintetiki," akasema. "Ile tunayotumia inasafishwa kutoka mafuta ghafi. Hii wameitengeneza kiwandani, kila chembe yake inafanana na mwenzake. Wanasema inadumu zaidi. Mimi siamini maneno ya kwenye galoni. Tuijaribu. Gari moja oili hii, jingine oili ya kawaida. Wewe utaandika."

Nikanunua daftari, nikaandika kwa zaidi ya mwaka. Sikuwa nimesoma sana, na hakuna kazi niliyowahi kupewa iliyonipa heshima kama ile. Dereva mmoja kati ya wawili alikuwa na mguu mzito kwenye pedeli ya mafuta, kwa hiyo kila wiki niliwabadilishia magari ili uzito wa mguu wake usije ukaonekana ni ubaya wa oili. Masika magari yalipita kwenye tope la njia ya Mlimba kwa gia ya kwanza, saa nzima bila kupumzika, na madereva wakirudi niliwauliza mshale wa joto ulisimama wapi. Kiangazi yalikula vumbi. Kila Jumamosi nilidondosha tone la oili ya kila gari kwenye karatasi nyeupe, nikaliacha lienee, nikaandika rangi yake. Nililisugua kati ya vidole. Nililinusa.

Oili ya kawaida iligeuka nyeusi mapema, ikapoteza utelezi, ikanuka kuungua. Ile nyingine ilichukua muda mrefu kubadilika, na hata ilipokuwa nyeusi bado iliteleza. Asubuhi za baridi ya Juni gari la sintetiki liliwaka mara moja, lile jingine likakohoa kwanza. Mwishoni mhandisi akaniambia nifungue vifuniko vya juu vya injini zote mbili. Ndani ya gari la oili ya kawaida kulikuwa na utando mweusi, kama ukoko wa sufuria. Ndani ya lile la sintetiki chuma kilikuwa na rangi ya chai ya rangi, safi, unaweza kuona alama za kiwandani. Tulisimama pale tukitazama. Kisha mhandisi akanipa mkono, kama mtu anavyompa mkono mwenzake.

Tangu siku hiyo nikawa mhubiri. Kila fundi niliyekutana naye nilimweleza. Nilimweleza na dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa bado sijaanza shule, wakati huo tukiwa upande wa Mahenge, na dada, ambaye mwenyewe hakuwa mkubwa sana, akanibeba mgongoni, akanipikia, akanipeleka kanisani Jumapili nikiwa nimefuliwa shati. Aliolewa Ifakara akanichukua pamoja naye. Mumewe alipofariki alimwachia mashine ya kukoboa mpunga pale Kibaoni: kibanda cha bati, kinu, na injini ya dizeli ya silinda moja, kuukuu, yenye gurudumu zito ubavuni. Hawakujaliwa watoto. Mashine ile ndiyo ilikuwa maisha yake.

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, alikuwa na kawaida aliyoachiwa na marehemu. Alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukitazama kwenye mwanga wa mlangoni. Ikipungua, aliongeza ile ile oili nzito ya dukani. Hakuruka hata siku moja.

Mradi ulikwisha. Magari yalichukuliwa, mhandisi akarudi kwao, na wakati wa kuagana aliniachia magaloni yaliyobaki. Sikufikiria mara mbili nimpelekee nani.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Ndiyo hiyo uliyokuwa unaisema?"

"Ndiyo yenyewe."

Nilimwaga oili ya zamani kwenye karai. Ilitoka kwa uvivu, nyeusi kama lami, na nikafurahi kuiona ilivyo mbaya. Chini ya injini, mahali oili inapokaa, kulikuwa na matope ya miaka mingi yaliyoganda. Niliyagusa kwa kidole. Ningeweza kufungua na kuyakwangua, ilikuwa kazi ya siku moja. Lakini msimu ulikuwa umeanza na watu walikuwa nje na magunia yao. Nikafunga, nikamimina oili mpya.

"Mbona nyepesi hivi?" dada akauliza. "Kama mafuta ya alizeti."

"Huo ndio ubora wake."

"Na kuipima?"

Nikacheka. Nakumbuka kwamba nilicheka. "Hii siyo ile ya kuchungulia kila asubuhi, dada. Usihangaike nayo. Nitakuja mwenyewe kuibadilisha msimu ukiisha."

"Haya. Wewe ndiye fundi," akasema, na kitambaa chake akakitundika msumarini.

Siku za kwanza injini ilikwenda laini hata wateja wakaona. Dada alinisifia kwa kila aliyefika. Mimi nikapata kibarua cha msimu cha kutengeneza matrekta huko Mngeta, nikaondoka.

Haikupita muda mrefu dereva wa lori la mpunga akanikuta chini ya trekta. "Dada yako anasema uje. Mashine imesimama."

Nilifika kesho yake adhuhuri. Nje ya kibanda familia moja ya Wasukuma ilikuwa imelaza magunia kwenye mkokoteni, ng'ombe wamefunguliwa wanakula majani kando ya barabara. Walikuwa wamesubiri tangu jana yake. Baba wa familia akanisalimu, akauliza kwa upole kama nimekuja kuitengeneza. Nikasema ngoja nione.

Sikuhitaji kuona sana. Konrodi, ile fimbo ya chuma inayounganisha pistoni na mhimili, ilikuwa imekatika na kutoboa tumbo la injini. Tundu lilitosha kuingiza ngumi. Nilichomoa kijiti cha oili. Kilikuwa kikavu.

Nikapiga magoti nikatazama chini. Sakafu ya kibanda ilikuwa mchanga, na juu yake pumba za mpunga unene wa kiganja. Nilizifukua kwa mkono. Juu zilikuwa kavu, za manjano. Chini, upande wa gurudumu, zilikuwa zimelowa oili yote, nyeusi, zimeshikana kama keki.

Nilielewa papo hapo. Magari yetu yalikuwa mapya, sili zake, ile mipira inayozuia oili isivuje, zikiwa nzima. Injini ya dada ilikuwa imechakaa, sili zake zimekwisha zamani, na kilichokuwa kinaziba mianya ni uchafu ule ule uliojengwa na oili nzito. Oili yangu ilifanya kazi yake vizuri. Iliusafisha uchafu, ikaukoroga, na mianya ilipofunguka ikatoka yote kidogo kidogo, na pumba zikainywa mtu asione tone. Daftari langu lote halikuwa na ukurasa hata mmoja wa injini kuukuu. Sikuwahi kuijaribu. Hakuna aliyenionya, na hilo nimelishika miaka mingi kama udhuru, lakini halinisaidii. Kijiti kile cha dada kingetosha kumwonya. Mimi ndiye niliyemwambia akiache.

Alikuwa amekaa juu ya gunia mlangoni, mikono mapajani.

"Inatengenezeka?" akauliza.

"Nitajaribu."

"Ulisema nisihangaike nayo," akasema, taratibu, kama mtu anayekumbuka alipoweka kitu. Hakulirudia tena.

Nilijaribu. Nilikwenda Morogoro, nikaenda mpaka Dar es Salaam, nikapita duka kwa duka na kipande cha konrodi mfukoni. Aina ile ilikuwa haiji tena. Nilimtafuta fundi wa kuchomelea, akaziba tundu, na siku tulipoiwasha kwa konrodi ya injini nyingine ufa ulifunguka upya mbele ya macho yetu. Wateja walikwisha kuhamia mashine nyingine. Familia ya Wasukuma ilikuwa imefunga ng'ombe wake siku ile ile niliyofika, na baba yule akaniaga kwa adabu ambayo niliona aibu kuipokea.

Kisha wakaja shemeji zake dada, ndugu wa marehemu. Walikuja mchana, wakakaa, wakanywa maji waliyopewa. Mkubwa wao akasema, "Mashine ya ndugu yetu imeuawa na mdogo wako. Hatuna cha kusubiri hapa." Kiwanja kilikuwa cha ukoo wao. Wakakichukua, pamoja na kinu na bati. Nilitaka kusimama niseme neno, dada akanishika mkono.

"Acha," akasema. "Wamesema kweli."

Alihamia Mlimba, akapanga chumba kwa mama mmoja wa parokiani, akawa anapalilia mashamba ya mpunga ya watu. Alikuwa amepita umri wa kazi ile. Ilinichukua miaka miwili kupata moyo wa kwenda. Nilipanda treni, nikamkuta ametoka shamba, miguu imebabuka kwa maji, vidole havinyooki. Alinipikia. Aliniuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja.

Tulipomaliza kula nikasema. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, kuanzia matope ambayo sikuyakwangua mpaka kijiti nilichomkataza. Aliniacha nimalize.

"Niliisikia ikigonga," akasema. "Siku mbili kabla. Ilikuwa inagonga ndani, ndogo ndogo. Nikakitazama kile kijiti. Nikanyoosha mkono kabisa."

"Kwa nini hukuchomoa?"

Alikusanya sahani, akaziweka moja juu ya nyingine.

"Nilijisemea, nikichomoa ni kama simwamini mdogo wangu. Na mimi ndiye niliyemlea."

Hakulia, wala hakunilaumu, wala hakusema amenisamehe. Alitoka kuosha vyombo. Nilikaa pale nikisikiliza maji, na muda wa treni ulipofika nikamuaga, akanisindikiza mpaka njia kuu akarudi.

Ufundi niliendelea nao, kwa sababu sijui kazi nyingine. Ila mteja akiniuliza oili ipi ni bora, namwambia aulize dukani. Wengine hudhani naficha utaalamu.