Nilivyorekebisha maji ya bia ya mamluki Moroni, nikakosa harusi ya dada yangu

Wakuu, poleni na majukumu. Hii ni yangu mwenyewe, naitoa kwenye daftari nililoandika nikiwa na miaka ishirini, enzi za mamluki kwetu Komoro. Sijapamba.

Nilitoka sekondari nikapata kazi ya upishi kwa mamluki mmoja Mfaransa, pale kwetu Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani. Jamaa alikuwa anapika bia yake mwenyewe nyumbani. Kimea kinakuja na ndege, kwenye makopo.

Mutsamudu ilitoka safi. Maji ya mto.

Akahamishiwa Moroni, kisiwa kingine, nikaenda naye. Moroni hakuna mto, wakuu. Kuna visima vya pwani na matangi ya mvua, basi.

Pipa la kwanza nikatumia kisima. Akatema. Chumvi.

La pili nikatumia mvua tupu. Akasema imepooza, haina mwili.

Na mimi sinywi, ni Muislamu. Bia yenyewe sijawahi kuionja hata tone. Nilikuwa naonja maji tu, nayafananisha na ya kwetu kwa ulimi.

Sasa dada yangu, tumezaliwa wawili tu, anaolewa Mutsamudu. Bosi akaahidi: pipa la tatu likikaa sawa, nina siti kwenye ndege ya mamluki.

Nikarudi kisimani saa sita mchana. Bibi jirani, tulimwita Koko, akanitazama mpaka nikakereka.

"Mtu wa Ndzuani wewe, umezoea mto. Unachota bahari hiyo. Kisima cha hapa kinangojwa maji yapwe."

Nikataka kueleza. Akanikata.

"Na usiniambie ni ya nini."

Kumbe Moroni nzima inajua. Mimi peke yangu nilikuwa nachota bahari imejaa.

Nikasubiri, na mimi kusubiri siwezi. Nikachanganya madebe matatu ya mvua, moja la kisima. Ulimini yakakaribia ya nyumbani.

Siku ya kufungua, begi langu liko tayari mlangoni. Bosi akanywa, akajimiminia tena.

"Hii ndiyo," akasema. "Lakini huendi. Ukiondoka, maji atanitengenezea nani?"

Dada kaolewa mimi nimekaa kisimani, nangoja bahari ipwe.

Nilichojifunza: siti kwanza, ufundi baadaye. Nimechoka hata kukasirika.

Mliowahi kunyimwa ruhusa kwa sababu mnaijua kazi, semeni hapa. Na wajuzi wa maji, ule mchanganyiko ulikuwa sahihi au nilibahatisha?