Nyeusi Isiyong'aa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipaka nta gari la chef, yaani mkuu wa atelier, karakana yetu ya kupaka rangi magari. Lilikuwa gari la zamani lenye taa za duara, lenye rangi ya mat, yaani nyeusi isiyong'aa, na mimi mwenye diploma yangu ya sekondari nikadhani limefubaa. Nikasugua capot, ule mfuniko wa injini, mpaka nikaona uso wangu. Nikajipongeza.

Chef alitazama capot, kisha mimi. "Mutoto, umepakala gari mafuta sawa vile inaenda ku ndoa? Mat haikubali kiraka. Capot yote tutaanza tena."

Hakunifukuza, alinifundisha. Dawa ya kuzima mng'aro hutuama chini ya kopo. Usipokoroga vizuri, mlango mmoja utang'aa na mwingine utakuwa kama masizi. Pistolet, chombo cha kupulizia rangi, alikitembeza sambamba na bati, kila mpulizo ukifunika nusu ya uliotangulia, bila kurudi nyuma hata kidogo. Kiangazi tulimwaga maji sakafuni na kupaka asubuhi na mapema, kabla malori ya mgodi wa Kipushi hayajatuletea vumbi jekundu. Sijaona tena mkono mtulivu kama ule. Wangu ulitulia nikiwa nimelala tu.

Nilipokaribia kustaafu, chef, mzee tayari na macho yamechoka, alileta gari lile lile, rangi yake imeshachakaa, uani kwangu mtaa wa Kasungami. "Weye njo uliharibu, weye njo utatengeneza. Ikitoka muzuri, pistolet yangu itabakia kwako. Ikitoka mubaya, nitazikwa nayo."

Basi nilimkataza mke wangu kufagia ua, hata kuchekecha unga. Nikakoroga, nikapuliza, sikurudi nyuma. Rangi ilipokauka, chef aliinama, akatazama ubavu wa gari kwenye mwanga wa jua, akapitisha mgongo wa mkono. Weusi ulikuwa mmoja, kama ubao wa shule uliopanguswa vizuri. Aliniwekea pistolet mikononi.

Sasa mimi ni mtu wa nyumbani, na pistolet inaning'inia sebuleni. Kijana akija kuuliza, namwambia akoroge kopo mpaka chini, kisha namsifu chef mpaka chai inapoa. Nikianza kujisifu mwenyewe, mke wangu hunikumbusha Mama Ngoie, jirani yetu, aliyechungulia juu ya ukuta siku ile, chef akiwa bado amesimama pale:

"Gari iko muzuri, papa. Sasa rangi, utapaka siku gani?"