Mzigo Uliofungwa kwa Kamba ya Mgomba

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo imekataa kunitoka kichwani, na jana ilinirudia yote pale dirishani kwako Shirimatunda. Najua ulininunia. Hata shikamoo yako sikuiitikia vizuri. Nilizichukua zile chupa zako za maji ulizochomekea vijiti vya maua, nikaenda kuzimwaga nyuma ya nyumba, na vijiti nikavifukia. Ukasema, "Bibi jamani, mbona vilikuwa vimeshaanza kutoa mizizi!" Mizizi niliiona. Nilimwona na mwanao pia, amesimama juu ya kochi, mkono umeshashika shingo ya chupa na mdomo uko wazi kwa kiu. Sikuwa na pumzi ya kukueleza. Nilipanda bajaji nikaenda kwangu, na leo nimerudi hapa kwako kwa ajili ya hilo tu. Sasa mtoto amelala, kaa hapa nikuambie.

Ua lile nalijua. Majani yake ni membamba, marefu, magumu kidogo, na maua yake ya rangi ya waridi hukaa kwa mafungu. Wauza miche mjini wanaliita oleanda. Ni zuri, jua halilisumbui, na ukilikata leo linachipua kesho. Mimi mwenyewe ndiye niliyelipeleka mlimani kwetu.

Niliolewa Old Moshi nikitokea mjini. Kule nilikokulia kila uzio ulikuwa wa maua na hakuna jirani aliyefuga ng'ombe. Hilo liweke akilini. Nilipopanda mlimani na sanduku langu la nguo, nilibeba na vijiti vya ua lile vimeviringishwa kwenye kitambaa kibichi. Mama mkwe wangu alicheka mpaka akakaa chini. Bibi harusi kaja na kuni zake! Lakini alinipa kipande cha uwanja mbele ya nyumba, nami nikaonyesha ufundi wangu. Unachagua kijiti kisicho kichanga wala kikavu, unakata chini kidogo ya kifundo, unayatoa majani ya chini, unakichomeka kwenye udongo uliochanganywa na mchanga, pale kivuli cha migomba kinapofika. Maji kiasi, maana ukimwaga mengi kinaoza. Vijiti vyangu vyote vilishika. Mvua zilipopita mara ya pili, watu waliotoka kanisani Jumapili walikuwa wanasimama njiani kuyatazama maua yangu. Nilivimba kichwa, nikuambie ukweli, mpaka nikawa natafuta sababu ya kusimama mlangoni watu wakipita.

Wakati huo bibi yako Ndeshi, wifi yangu, alikuwa amekuja kuuguzwa kwa mama yake. Alikuwa amejifungua, na titi likapata jipu, kisha la pili likavimba. Mtori wa ndizi na nyama tulimpikia, supu tulimpa, maziwa yake hayakutoka. Kichanga chake, kilichokuwa hakijapewa hata jina, kilikuwa kinaishi kwa maziwa ya ng'ombe wetu. Mama mkwe aliyachemsha, akayapunguza makali kwa maji, akakinywesha kwa kijiko. Nyumba nzima ilimtegemea ng'ombe yule. Tulimkamua hata mchana.

Siku hiyo niliamka nikakuta maua yangu yamenyauka, nikaona ndio wakati wa kupogoa. Ukikata baada ya maua kwisha, matawi mapya yanatoka mengi na kichaka kinajaa. Nilikata vizuri, nikaosha mikono kwa sabuni kama nilivyofundishwa na mama yangu mzazi. Sikutaka uwanja uonekane mchafu, kwa hiyo nikayakusanya matawi yote, nikayafunga mzigo kwa kamba ya mgomba, nikauweka kando ya njia nikitarajia kwenda kuutupa baadaye. Nikashika ndoo, nikaenda mferejini kuchota maji. Huko nikakuta wenzangu, tukazungumza, nikachelewa mpaka adhuhuri ikapita.

Mtu wa mlimani ameshaelewa nilichokifanya. Huku kwetu ng'ombe haendi machungani. Yuko bandani, chakula kinamfuata. Kila kibichi kinachokatwa kihambani, shambani kwetu kwenye migomba, ni chake. Mwanamke akikata majani, anafunga kwa kamba ya mgomba, anauweka mzigo kando ya njia, na anayetangulia kupita anaubeba mpaka horini. Hakuna anayeuliza ni majani gani. Mimi nilikuwa nimejifunza kufunga nikiwatazama wao, nikaona ni kwa ajili ya usafi tu.

Nilipoingia ndani na ndoo kichwani, Ndeshi alikuwa anamfuta mtoto mdomo. Kikombe kilikuwa kitupu. Mama mkwe alinigeukia akitabasamu, na alikuwa si mtu wa kutabasamu ovyo.

"Leo umenifurahisha," akasema. "Nimerudi sokoni nimekuta umeshakata majani bila kuambiwa. Nimempa ng'ombe, amekula vizuri, kisha nimemkamua."

"Majani gani, mama?"

"Si yale uliyoyafunga pale njiani?"

Sijui ndoo niliiweka wapi. Nilikimbilia bandani. Ng'ombe alikuwa amesimama, kichwa kimeinama, ute unamtoka mdomoni, hacheui, miguu ya nyuma inatetemeka. Horini kulikuwa kumebaki vijiti tu. Majani yalikuwa yamenyauka juani, na ng'ombe alikuwa na njaa, akayala.  Mama yangu alikuwa akinipiga vidoleni nikiwa mdogo nikigusa ua lile kisha nikapeleka mkono mdomoni. "Hata jani moja," alikuwa anasema. Na mimi nilikuwa nimefunga mzigo mzima.

Nikarudi mbio, nikasema, "Mama, ni sumu yale." Yeye hakutazama bandani hata kidogo. Aligeuza uso kumtazama mtoto mikononi mwa Ndeshi, akasema kwa sauti ndogo, "Ameshakunywa."

Mwanangu, nimefiwa, nimeugua, nimezeeka, lakini woga wa namna ile sijauona tena. Nesi wa zahanati aliitwa akaja. Akasikiliza moyo wa mtoto, akafungua macho yake, akatuambia wazi kwamba hawezi kujua sumu imepita kiasi gani kwenye maziwa. Tumwangalie, alisema. Akitapika, akilegea, au moyo ukienda ovyo, tumkimbize hospitali mjini. Akakaa na sisi. Ndeshi alimkumbatia mwanawe, sikio lake limebanwa kwenye kifua kidogo cha mtoto, na kila mtu alipofungua mdomo kusema alimwonyesha ishara anyamaze, kwa kuwa alikuwa anasikiliza. Mimi nilisimama karibu na mlango. Sikuthubutu kukaa. Kila mara mtoto alipopiga mwayo nilidhani anakata roho.

Kabla jua halijatua tulisikia kishindo bandani. Ukuta ulitikisika. Tulijua ameanguka, na hakuna aliyetoka kwenda kumwona.

Majirani ndio walioona. Wakaja na visu, kama ilivyo kawaida ng'ombe akianguka, nyama haiachwi. Mama mkwe alitoka, akasimama mlangoni pa banda, mwanamke mfupi mwenye khanga iliyopauka, akawaambia, "Hakuna atakayeonja. Chimbeni shimo." Walinung'unika, maana ng'ombe alikuwa mnono. Lakini hakuondoka pale mpaka walipoanza kuchimba, na maziwa yaliyobaki aliyamwaga mwenyewe ndani ya shimo hilohilo.

Usiku ule sitausimulia. Asubuhi mtoto alilia. Hakikuwa kilio cha ugonjwa. Kilikuwa cha njaa, cha hasira, kinasikika mpaka kwa majirani. Nesi alimpima tena, akacheka, akasema atafutiwe maziwa kwingine haraka kabla hajatutoboa masikio. Ndeshi akalia kuliko mtoto. Ndipo mimi nikakaa, tena sakafuni.

Nilingoja nifukuzwe. Nilikuwa nimeshawaza nitafungasha nini. Mama mkwe alikuja akakaa sakafuni kando yangu.

"Mkono uliomlisha ng'ombe ni wangu," akasema. "Kwa ng'ombe sikukasirikii. Nakukasirikia kwa kuwa ulikuwa unajua, na ulijua peke yako. Umetuonyesha maua yako kila siku. Umetuambia yapandwe vipi, yakatwe lini. Kwamba yanaua hukusema."

"Niliogopa utaning'olea, mama."

"Ningekung'olea," akasema. "Na ng'ombe angekuwa amesimama."

Akainuka sakafuni. Aling'oa vichaka vyote asubuhi hiyo akiwa amevaa mifuko mikononi, akavifukia kwenye shimo la ng'ombe. Nilimsaidia.

Basi nakuambia ili usiseme hukuambiwa. Panda maua, sikukatazi; nyumba isiyo na ua inanisikitisha hata mimi. Lakini ua lolote unaloleta nyumbani, uliza kwanza lina nini ndani yake kabla hujauliza lina rangi gani. Ukikata oleanda, vaa glavu, na matawi yake uyafukie kwenye shimo refu. Usiyachome, moshi wake nao ni mbaya. Usiyaache njiani, na usiyafunge kama majani ya ng'ombe, maana jirani yako pale ana ng'ombe na mkono mwepesi wa kusaidia. Kijiti chake usikikorogee uji wala usikichomee nyama. Yale maji unayootesheamo, mwanangu, yanaonekana safi lakini yamekunywa ua. Kama ni lazima uoteshe, otesha kwenye udongo, nje, mbali na mikono midogo. Bora zaidi chukua haibiskasi. Inashika kirahisi vilevile, na mbuzi akiila anashiba tu.

Na kila anayelala chini ya paa lako mwambie, dada wa kazi, mumeo, wageni. Sema mpaka wakuchoke. Mimi niliogopa kunyang'anywa maua, nikanyamaza, na kimya hicho kilifika mpaka kwenye kijiko cha mtoto.

Mtoto yule alipewa jina asubuhi ileile, kabla hata ya maziwa mengine kufika. Bibi yake alimnyanyua juu akiwa bado analia, akamwita Aikaeli, kwa Kichaga asante kwa Mungu. Umemwita mama yako kwa jina hilo kwa utani miaka yote, hukuwahi kuuliza asante hiyo ilikuwa ya nini.

Mungu ailinde mikono yako inayopanda na mdomo wa mwanao unaoonja kila kitu. Akupe bustani ambayo mtoto anaweza kuangukia ndani yake ukaendelea na kazi zako. Haibiskasi ikichanua niite nije kuiona. Na leo, kabla sijaondoka, niletee mtoto akiamka. Nataka kuweka sikio langu kifuani pake kidogo.