Doa Kwenye Bomba la Shokapu

Kosa langu la kwanza kwenye pikipiki lilikuwa kupiga msasa mahali pasipohitaji msasa. Mpaka leo nikifungua shokapu kuukuu, ile harufu ya mafuta yaliyooza, kama samaki aliyesahaulika kwenye mfuko, hunirudisha uani kwetu Likombe.

Baba alikuwa akipeleka abiria Kilambo, kwenye kivuko. Shokapu za mbele za pikipiki yake, zile nguzo mbili zinazomeza mitikisiko, zilivuja, mafuta yakamrukia suruali. Mama, aliyeifua kila jioni, alisema, "Baba Shaibu, hii pikipiki inachafua nguo kuliko watoto wako wote." Baba alicheka, lakini hakuweza kukunja ngumi. Shokapu zisizo na mafuta hugonga kwenye kila shimo, na kila kishindo kiliishia kwenye viganja vyake. Baada ya magharibi Mama alimkanda kwa mafuta ya nazi, nami nilikaa karibu nikimsikiliza anavyoguna.

Msimu wa korosho ulikuwa umeanza, abiria walikuwa wengi, na fundi angeikalia pikipiki. Tukaifungua wenyewe, juu ya gunia. Baba alizing'oa sili za zamani, zile pete za kuzuia mafuta, kwa bisibisi iliyoviringishwa kitambaa, akanikabidhi yale mabomba mawili ya chuma kinachong'aa.

"Yafute tu," alisema, akaenda kuswali alasiri.

Niliyafuta. Kisha nikaona doa la kutu juu kabisa ya bomba moja, dogo kama punje ya mtama. Sikuweza kuliacha. Nilisugua doa kwa msasa, nikasugua pembeni ili pafanane, nikashuka mpaka chini ili bomba zima lifanane. Halafu, bila shaka, ikabidi na la pili lifanane na la kwanza.

Baba aliporudi jua lilikuwa linazama. Alipachika sili mpya, akamimina mafuta, akafunga. "Safi," alisema. Nilivimba kichwa.

Wiki haikuisha. Shokapu zikavuja zote mbili, zaidi ya mwanzo. Baba alichuchumaa akapitisha ukucha kwenye chuma.

"Nani kapiga msasa hapa?"

"Mimi, Baba. Palikuwa na doa."

"Hilo doa lilikuwa linakudai nini?"

Nami nikapitisha ukucha wangu palepale, ukakwaruza.

"Sili ni mpira, mwanangu. Inasuguana na chuma hiki kutwa nzima. Sasa umekiotesha meno, kinaitafuna."

Akavaa suruali ileile, akaondoka. Aliendesha hivyo msimu mzima, viganja vimefungwa vitambaa, na hakulitaja tena jambo hilo. Nilijua amenuna. Nikamnyang'anya Mama kazi ya kufua ile suruali, nikaisugua mpaka magoti yakatoboka.

Baadaye, nilipojifundisha ufundi kwenye pikipiki mbovu, ndipo nilipoelewa. Doa lile lilikuwa juu ya mahali sili inapofika, halikumdhuru mtu. Baba alikuwa ameliona, akaliacha. Na hakuwa amenuna. Alikuwa amechoka tu. Siku hizi nami nikitoka kazini narudi nyumbani na ukimya uleule.

Baba haendeshi tena, viganja vimekataa. Sili za pikipiki ile nabadilisha mimi, palepale uani, na hazivuji. Nikikuta doa juu ya pale sili inapofika, bado linaninyima raha. Naliacha.